Rubani, samoni na gawio: uchambuzi wa kisa kutoka Alaska

Kuhusu kisa hiki

Kila panapovuliwa samaki wengi, panapochimbwa dhahabu au panapotobolewa kisima cha gesi, swali huwa lilelile: mali ikishaondoka, wenyeji wanabaki na nini mkononi? Kisa hiki kinamfuata mtu mmoja aliyeliuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa mvuvi, mtunga sheria wa jimbo, msimamizi wa halmashauri ndogo, na mwishowe gavana. Kabla ya hayo yote alikuwa rubani wa vita.

Majina ya watu nimeyaondoa. Mhusika mkuu nitamwita Rubani. Mahali, miaka, sheria na hesabu za kura nimeviacha kama vilivyo, maana ukiviondoa hivyo kisa hakifundishi tena. Na tuelewane mapema kuhusu neno moja: "jimbo" hapa si jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea. Jimbo la Marekani ni kama nchi ndani ya nchi. Lina katiba yake, gavana wake, mabaraza ya kutunga sheria na mahakama yake ya juu. Alaska ina wawakilishi 40 na maseneta 20, basi. Bunge dogo namna hiyo, mtu mmoja mwenye hoja husikika.

Usuli: kutoka vitani hadi nyavuni

Vita Kuu ya Pili ilimkuta chuoni Pennsylvania akisomea uhandisi wa petroli. Aliacha masomo, akajiunga na jeshi la Marini, akafunzwa kurusha ndege za kivita na kutumikia Pasifiki ya Kusini, kisha China. Mwaka 1946, vita vimekwisha, hakurudi kwenye petroli. Alikwenda Alaska, wakati huo bado si jimbo kamili, akawa rubani wa pori: ndege ndogo ya injini moja, maboya chini yake wakati wa kiangazi ili itue ziwani, na mbao za kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi. Akasoma biolojia chuo kikuu cha huko, akafanya kazi idara ya wanyamapori ya serikali kuu, halafu akajitegemea. Aliongoza wawindaji, akabeba abiria, na majira ya samaki yalipofika akashusha nyavu Bristol Bay, kusini-magharibi mwa Alaska. Alioa mzaliwa wa upande huohuo, mwanamke mwenye asili ya Yup'ik, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Alaska. Kwa hiyo alipozungumzia "wenyeji" alikuwa akiwazungumzia wakwe zake, majirani zake na watoto wake.

Marubani wa pori wa zama hizo walikuwa na kazi ambayo abiria hakuiona. Jioni, injini ikiwa bado ya moto, walifungulia oili yote ikatiririka kwenye ndoo, wakaingia nayo ndani na kuiweka karibu na jiko. Asubuhi, kabla hakujapambazuka, walifunika pua ya ndege kwa turubai zito, wakawasha moto wa jiko dogo chini yake mpaka chuma kikapata joto, ndipo wakairudisha oili ingali vuguvugu na kujaribu kuwasha. Aliyeona uvivu kumwaga oili jioni, asubuhi hakuruka. Oili ilikuwa imeganda kama lami. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu naamini mtu aliyeishi hivyo miaka mingi huwa na jicho tofauti anapoona hazina ya serikali imejaa. Anajua kuwa muda wa kujiandaa kwa baridi ni wakati injini bado ina moto.

Alaska ilipata hadhi ya jimbo tarehe 3 Januari 1959. Rubani aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka huohuo, akiwa mgombea binafsi asiye na chama. Baadaye alihamia Chama cha Republican. Alikaa katika baraza hilo hadi 1965. Akaiendesha halmashauri ya Bristol Bay, kisha akarudi bungeni, safari hii Seneti, kuanzia 1967, na mwisho wa kipindi chake alikuwa Rais wa Seneti.

Kilichotokea Bristol Bay

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, ingawa wengi wanaosimulia habari hii huruka moja kwa moja kwenye mafuta.

Bristol Bay ndilo eneo lenye samoni wekundu wengi kuliko mahali popote duniani. Samaki huingia mtoni kwa wingi ndani ya wiki chache tu za Juni na Julai. Katika wiki hizo mashua zilijaa kutoka majimbo ya mbali, viwanda vya kusindika viliwaka usiku na mchana, makopo yakapakiwa melini, na Agosti ilipofika kila mtu alikuwa ameondoka. Sehemu kubwa ya thamani ya samaki ilikwenda na watu wasioishi pale. Kijiji cha Naknek na wenzake vilibaki na huduma duni na halmashauri isiyo na fedha.

Rubani alipokabidhiwa kuiendesha halmashauri hiyo alileta pendekezo. Samaki wote wanaovuliwa katika eneo watozwe asilimia 3. Fedha hizo zisitumbukizwe kwenye matumizi ya kawaida, ziwekezwe. Kila mkazi apate hisa moja kwa kila mwaka anaoishi pale, na faida ya uwekezaji igawiwe kwa hisa hizo. Yaani wakazi wawe kama wenye kampuni, na samaki ndio mtaji.

Tuchukue mfano wa darasani, namba zake ni zangu. Tuseme samaki wa msimu wana thamani ya dola milioni 10, wageni wamevua wa milioni 9 na wenyeji wa milioni 1. Asilimia 3 ya yote ni dola 300,000. Katika hizo, wageni wametoa 270,000 na wenyeji 30,000. Mwenyeji anatoa moja, anapata mfuko wa kumi. Hesabu haina utata.

Wapiga kura waliikataa.

Anayejua makato ya ushuru wa mazao yanavyouma pale kwenye mizani ya chama cha msingi hatashangaa. Makato unayaona leo, kwa macho yako, kwenye karatasi yako. Gawio ni maneno ya kiongozi, ni kesho. Mvuvi wa Bristol Bay hakuwa mjinga. Alikuwa na uzoefu mrefu wa kuona fedha zikikusanywa kwa jina lake na kutoziona tena.

Rubani hakuwalaumu. Alibadilisha kifurushi. Mara hii aliwaambia: tukipitisha ushuru wa samaki, tutawaondolea wakazi kodi ya majengo. Sasa mtu alikuwa na kitu cha kulinganisha siku ileile: naongezewa hiki, napunguziwa kile. Ikapita, na sehemu kubwa ya mzigo ikawaangukia waliokuwa wakivua na kuondoka.

Lakini angalia kilichoachwa njiani. Ushuru ulipatikana, huduma zikaboreka, ila hisa hazikuwepo na gawio halikuwepo. Fedha ziliingia moja kwa moja kwenye matumizi ya halmashauri. Rubani alikuwa ameshinda nusu ya hoja yake, na nusu iliyobaki, ile ya kumfanya mkazi kuwa mwenye mali, aliibeba moyoni hadi makao makuu ya jimbo.

Dola milioni 900

Mwaka 1968 ilitangazwa kuwa mafuta mengi yamepatikana Prudhoe Bay, pwani ya Bahari ya Aktiki. Tarehe 10 Septemba 1969, mjini Anchorage, jimbo lilinadi vitalu na kupata dola milioni 900 kwa siku moja. Hii ilikuwa serikali ya watu takriban 300,000, iliyozoea kubana matumizi. Rubani wakati huo alikuwa seneta.

Miaka michache baadaye fedha zile zilikuwa zimekwisha. Si haki kusema zililiwa. Nyingi zilikwenda kwenye shule na huduma ambazo vijiji vya Alaska vilizihitaji kwelikweli. Ila hakuna mwananchi aliyeweza kunyoosha kidole na kusema, ile pale ni sehemu yangu ya zile milioni 900. Hisia iliyotanda ni kwamba bahati imekuja na kupotea. Hisia hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa yote yaliyofuata, na kiongozi asiyeijua hisia ya watu wake wakati kama huo hupitwa na nafasi.

Mwaka 1974 Rubani aligombea ugavana na kumshinda gavana aliyekuwa madarakani kwa kura 287. Kura 287 katika jimbo zima! Alianza kazi akijua kwamba nusu ya watu hawakumchagua, na kwamba bomba la mafuta la maili 800 lilikuwa linajengwa kwenda bandari ya Valdez. Mafuta yangeanza kutiririka Juni 1977. Alikuwa na muda usiotimia miaka mitatu kuandaa chombo cha kuyapokea mapato.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza unawachanganya wanafunzi kila nikiufundisha. Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa akiba, jambo lilelile alilokuwa akilihubiri, naye akaipigia kura ya turufu. Kwa nini? Katiba ya Alaska inakataza kufunga mapato kwa matumizi maalumu. Kila fedha inapaswa kupita katika bajeti ya mwaka. Mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya kawaida ungeweza kupingwa mahakamani, na hata usipopingwa, Bunge linalofuata lingeufungua kwa kura chache. Alitaka kufuli ambalo funguo zake hawanazo wabunge peke yao. Hilo lilimaanisha kubadili katiba: theluthi mbili ya kila baraza, kisha kura ya wananchi wote.

Mpango wake ulikuwa kuweka akiba nusu ya mapato ya mafuta. Kilichopatikana ni angalau asilimia 25 ya mirabaha, kodi za vitalu na malipo ya aina hiyo. Kodi ya uzalishaji, iliyokuwa chanzo kikubwa, ikabaki nje. Alikubali. Tarehe 2 Novemba 1976 wananchi walipitisha marekebisho kwa kura 75,588 dhidi ya 38,518. Mtaji wa Mfuko wa Kudumu, kama ulivyoitwa, ungeweza kuwekezwa tu, kamwe usitumiwe. Faida yake ndiyo ingeweza kutumika. Fedha za kwanza kuwekwa humo, Februari 1977, zilikuwa dola 734,000 tu.

Uamuzi wa pili haukuwa wake peke yake na ulichukua miaka minne ya mabishano. Mfuko uwe nini hasa? Kundi moja lilitaka uwe benki ya maendeleo, ukopeshe viwanda na biashara za Alaska. Kundi jingine lilitaka uwe amana, uwekeze popote penye faida na usalama. Hoja ya benki ilivutia, maana nani hapendi kuona fedha zinajenga kwao? Hatari yake ni kwamba mikopo ya kisiasa hugeuka zawadi. Mwaka 1980 amana ilishinda, na shirika huru la kuusimamia mfuko likaundwa. Mwaka 1981, bei ya mafuta ikiwa juu, Bunge lilichota dola bilioni 1.8 kutoka hazina na kuziongeza kwenye mtaji, bila kulazimishwa na katiba.

Uamuzi wa tatu ni gawio, na hapa ndipo Bristol Bay inarudi. Hoja ya Rubani ilikuwa ya kiulinzi kabla ya kuwa ya ukarimu. Mfuko usio na mwenyewe hulindwa na nani? Wabunge hubadilika, magavana hubadilika, na kila kizazi cha wanasiasa huwa na dharura yake. Akaona kwamba ukimpa kila mkazi hundi kila mwaka, umeajiri walinzi laki nne. Siku mbunge atakapougusa mtaji, simu yake haitapumzika.

Muundo aliouchagua ulikuwa uleule wa hisa za Bristol Bay: kila mtu mzima apate dola 50 kwa kila mwaka alioishi Alaska tangu 1959. Aliyekuwepo tangu mwanzo angepata dola 1,050. Aliyeingia mwaka mmoja uliopita angepata 50. Aliona ni haki kwa waliovumilia baridi na umaskini kabla ya mafuta, tena ingewapunguzia watu wa nje hamu ya kukimbilia hundi.

Kati ya maamuzi haya kulikuwa na uchaguzi wa 1978. Katika kura za maoni za chama chake aliponea kwa kura 98, na mpinzani akaenda mahakamani. Ukiziweka 287 na 98 pamoja unapata kura 385. Bila hizo, naamini kisa hiki kingeandikwa tofauti kabisa, na mtu anayefundisha uongozi hana budi kukiri kiasi cha bahati kilichomo.

Mahakamani

Wanandoa wawili, wote mawakili, waliokuwa wamehamia Alaska mwaka 1978, walifungua kesi. Hoja yao: katiba ya Marekani inadai raia watendewe sawa, na jimbo haliwezi kuwapanga wakazi wake madaraja kwa tarehe ya kufika. Walichukiwa sana. Waliendelea.

Hundi zilisimama zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 14 Juni 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba muundo wa miaka ya ukazi ni batili.

Ingekuwa kiongozi mwingine, mpango ungekufia hapo. Lakini wakati kesi bado inasikilizwa, serikali ya Rubani na Bunge walikuwa wameshapitisha sheria ya pili iliyosubiri pembeni: muundo wa kwanza ukianguka, kila mkazi aliyeishi Alaska miezi sita, mtoto kwa mkubwa, apate dola 1,000 sawasawa. Hukumu ilitoka katikati ya Juni, na kabla mwezi haujaisha hundi za kwanza zilikuwa zinatumwa. Zaidi ya watu 400,000 walizipata.

Rubani wa pori haondoki bila kujua atatua wapi endapo uwanja anaouendea utafungwa na ukungu. Sidai kwamba ndicho alichokiwaza alipokuwa akiandaa sheria ile ya akiba. Ninachosema ni kwamba watunga sheria wengi hawaandai kabisa, kwa sababu kuandaa mpango wa pili kunaonekana kama kukiri kwamba wa kwanza utashindwa.

Kodi iliyofutwa

Kuna uamuzi mmoja ambao Rubani mwenyewe aliujutia mpaka mwisho. Mwaka 1980, hazina imejaa, Bunge lilifuta kodi ya mapato ya watu binafsi. Yeye alitaka isimamishwe tu, sheria yake ibaki kwenye vitabu ili iweze kurudishwa mafuta yatakapopungua. Wabunge walitaka ifutwe kabisa, na wananchi walishangilia. Akatia saini.

Hofu yake ilikuwa hii: anayelipa kodi huuliza fedha zimekwenda wapi. Ukimwondolea kodi huku serikali ikiendeshwa kwa mafuta, amebaki na jambo moja tu la kufuatilia, nalo ni ukubwa wa hundi yake. Matumizi ya serikali yanakuwa habari ya watu wengine. Huyu ni mtu aliyepata ushuru wa samaki kwa kufuta kodi ya majengo. Alijua vizuri kuliko wengi thamani ya kodi kama kamba inayomfunga mwananchi na serikali yake. Aliijua, na bado aliikata.

Matokeo

Mfuko ulioanza na dola 734,000 leo umepita dola bilioni 80. Gawio limelipwa kila mwaka tangu 1982. Kwa miaka mingi kiwango kilikokotolewa kwa wastani wa faida ya miaka mitano, ili mwaka mmoja mbaya wa soko usiangushe hundi. Mwaka 2015 lilifika dola 2,072. Mwaka 2022, dola 3,284. Kwa familia ya watu sita kijijini, mahali ambapo lita ya petroli ya mashua husafirishwa kwa ndege au meli, hizo ni fedha za kupita msimu.

Uzalishaji wa mafuta ulifika kilele mwaka 1988, takriban mapipa milioni mbili kwa siku, kisha ukaanza kushuka. Mwaka 1999 serikali iliwauliza wananchi kama sehemu ya faida ya Mfuko itumike kuendesha serikali. Asilimia 83 walisema hapana. Walinzi laki nne walifanya kazi yao.

Rubani alifariki Agosti 2005, nyumbani kwake kando ya ziwa, mahali pasipofikika kwa barabara. Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia 2014, jimbo lilijikuta halina kodi ya mapato, halina kodi ya mauzo, na mafuta hayatoshi. Mwaka 2016 gavana wa wakati huo alipunguza gawio hadi dola 1,022, karibu nusu ya ambalo kanuni ingetoa. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo ilisema ana haki hiyo: gawio limo katika sheria ya kawaida, si katika katiba, kwa hiyo linashindania nafasi kwenye bajeti kama kitu kingine chochote. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuchota faida ya Mfuko kila mwaka, asilimia 5.25 ya thamani yake na baadaye asilimia 5, kwa ajili ya gawio na serikali pamoja. Tangu hapo kila kikao cha Bunge huwa na ugomvi wa kiasi gani kiende wapi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kule kushindwa kwa kwanza. Rubani alipokataliwa na majirani zake alipata somo ambalo hakuna mshauri angempa: watu hawapimi hesabu ya jumla, wanapima kinachotoka na kinachoingia mkononi mwao wenyewe, na kwa tarehe gani. Mfuko wa 1976 haukumkata mwananchi hata senti; ulichukua sehemu ya mirabaha kabla haijafika kwenye bajeti. Na gawio la 1982 lilikuwa hundi, si ahadi. Masomo yote mawili yalitoka kwenye ushuru wa samaki.

Kura ya turufu ya 1975 nayo inastahili kusomwa polepole. Kukataa jambo unalolitaka kwa sababu limekuja katika umbo dhaifu ni kazi ngumu kwa mwanasiasa. Magazeti huandika "amegeuka", wafuasi hukasirika. Lakini linganisha hatima ya vitu viwili leo: mtaji, uliofungwa ndani ya katiba, haujaguswa. Gawio, lililoachwa kwenye sheria ya kawaida, lilikatwa mara ya kwanza jimbo lilipobanwa. Kama Rubani angepigania gawio liingie katiba wakati umma uko upande wake, miaka ile ya 1982 hadi 1990 hivi, hukumu ya 2017 isingekuwa na pa kusimamia. Ninaliona hilo kuwa kosa lake kubwa la kimuundo, kubwa kuliko kodi. Naelewa kwa nini halikufanyika: alikuwa anaondoka madarakani Desemba 1982, na hundi zilikuwa zimependwa mno kiasi kwamba hakuna aliyedhani zinahitaji kufuli.

Kuhusu hisa kwa miaka ya ukazi, wanafunzi wangu hugawanyika, na naona wana haki kugawanyika. Mzee aliyekuwepo tangu enzi za tabu na kijana aliyeshuka kwenye ndege jana kupata sawa, si kila moyo unakubali. Ila angalia kilichotokea baada ya mahakama kulazimisha usawa. Watoto waliingizwa. Wageni waliingizwa. Kundi la walinzi liliongezeka badala ya kugawanyika kati ya wenye hisa ishirini na moja na wenye hisa moja. Muundo ambao Rubani aliukumbatia tangu Bristol Bay ungeleta chuki ya kudumu kati ya wenyeji na wahamiaji, na wanandoa wale waliochukiwa ndio waliouokoa mpango wake kutoka kwenye kasoro yake. Hii ni sehemu ya kisa ambayo ningependa kila mtunga sheria aisome mara mbili.

Nguvu ya walinzi ina upande wake mzito pia. Hoja ya Rubani kuhusu gawio ilikuwa kwamba mwananchi mwenye hundi ataulinda mtaji. Aliulinda. Lakini hundi ileile ilimfanya mwananchi kupinga kila njia nyingine ya kuendesha serikali: kodi hapana, kupunguza gawio hapana, kupunguza huduma hapana. Kwa hiyo jimbo lilikula akiba zake nyingine kwanza, moja baada ya nyingine, na mzozo ukaahirishwa hadi hapakuwa na pa kuuahirishia. Kodi ya mapato ingekuwepo hata kwa kiwango kidogo, mzozo huo ungekuja mapema na kwa sauti ya chini.

Bristol Bay yenyewe bado ina samoni, na halmashauri bado inatoza ushuru wa samaki. Kila Juni mashua zinarudi, makato yanafanyika, mashule na barabara za Naknek zinapata fungu lao. Mkazi wa hapo hupokea gawio la mafuta ya kaskazini ya mbali ambako hajawahi kufika. Gawio la samaki wanaopita mbele ya mlango wake, lile alilopendekezewa kwanza, hajawahi kulipokea.